TAHARIRI: Mizani Mpya, Simu na Daftari Letu



Wiki hii mmeiona mizani mpya pale ghalani. Ni ya kidijitali, haina mawe wala mkono wa kusukuma. Unaweka gunia, namba inawaka, karatasi ndogo inatoka pembeni. Wengine wanasema ndio ukombozi, wengine wanasema ni mashine ya kutuibia kitaalamu. Sisi tunaoandika bango hili tumeulizwa tuko upande gani. Tuko upande wa mizani, ila yapo yanayotukera na tutayasema.

Ile ya zamani tusiisifu. Nani hapa hajapima kilo 80 nyumbani akaambiwa ghalani ni 76? Ukiuliza unajibiwa, "Unyaufu." Unyaufu gani huo wa kutoka nyumbani hadi ghalani, mwendo wa kumaliza sigara moja? Karani akishaandika 76 daftarini, kesi imekwisha. Mizani mpya inatoa karatasi mbele ya macho yako na unaondoka nayo. Hatuoni uzuri wake mwingine unaoupita huo.

Na mageuzi haya si ya kwanza. Stakabadhi ghalani iliingia kwenye korosho 2007, tukanung'unika, tukazoea. Tangu msimu wa 2024 mnada nao unapitia mfumo wa Soko la Bidhaa, yaani TMX. Zamani zabuni za wanunuzi zilikaa kwenye sanduku. Sasa bei zinaonekana kwenye kioo, na bado mkulima ndiye anayesema tunauza au hatuuzi. Mlanguzi wa kangomba hapendi haya, maana yeye hula gizani: anakuja shida zimebana, ananunua kwa bakuli, bei ya kutupa. Lakini tuseme kweli, mashine peke yake haimwondoi. Anaondolewa na malipo kufika mapema. Mkulima akisubiri hela mwezi mzima na mtoto karudishwa shule, atauza kwa bakuli hata tukileta mizani ya dhahabu.

Wasiwasi wetu mkubwa ni haya malipo ya simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, huku kwetu 2008, na leo hata muuza karanga anapokea kwa simu. Hatuwezi kusema haitufai. Lakini msimu uliopita mama mmoja mtu mzima, mwanachama wa siku nyingi, aliandikisha namba ya mjukuu kwa kuwa yeye hana simu. Hela ya gunia tisa iliingia mchana. Jioni mjukuu yuko mjini. Mama akaja ghalani kuuliza malipo yatafika lini. Akaonyeshwa kwenye mfumo: umelipwa. Na mfumo haukusema uongo!

Wapo pia kina mama ambao korosho ni zao, laini ni ya mume. Na wapo wanaume wazima wanaompa karani namba ya siri eti awasomee meseji. Jamani, huko si kusaidiwa.

Tena yapo makato. Tozo ya miamala ya Julai 2021 hatujaisahau, ingawa baadaye ilipunguzwa. Mtu aambiwe kabla ya kusaini atakatwa kiasi gani akitoa hela yake, achague simu au benki.

Kwa hiyo tunaomba mkutano uamue hivi. Daftari lisifutwe: kila jioni kilo za siku zibandikwe hapa ukutani, kila mtu alinganishe na karatasi yake. Malipo yaende kwa jina la mwenye kadi ya uanachama, si kwa jirani wala mjukuu, na asiye na simu asindikizwe benki na mjumbe wa kamati. Betri ikizimika foleni ikiwa ndefu, kazi isimame. Tusirudie mizani ya zamani kimyakimya.

Mwenyekiti anasema kuweka daftari na mfumo ni kazi mbili. Ni kweli. Basi karani aongezwe posho, tusibishane kwa hilo.

Mkutano ni Jumamosi saa 3 asubuhi, palepale ghalani. Wenye karatasi za wiki hii waje nazo. Tumeomba gunia moja lipimwe kwenye mizani zote mbili mbele ya watu wote, na kamati imekubali.