Tumtue mama na mkungu pia



Ndugu zangu wa Masukulu, habari ya kumtua mama ndoo kichwani tumeisikia sana. Mimi naomba tumtue na mkungu. Siku ya soko mama anateremka kilima na mkungu wa ndizi juu ya ngata, mtoto mgongoni, udongo umelowa unateleza. Akifika miaka hamsini na kitu, asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda akilinyoosha goti lililokakamaa kabla hajathubutu kusimama. Sisi tunasema ni baridi ya Rungwe.

Baridi tunaionea. Huenda ikaongeza maumivu, lakini haisagi goti. Kinacholika ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ili isisuguane. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu wa kulika viungo (osteoarthritis), asilimia 60 wakiwa wanawake, na goti ndilo linaloongoza kuumwa. Umri na urithi huchangia, na hapo hatuna la kufanya. Mizigo mizito ya miaka mingi, kazi za kuchuchumaa, unene, na goti lililowahi kuumia (vijana wa mpira na bodaboda, nasema nanyi), hayo tunayaweza. Utafiti mmoja wa Marekani kwa wazee wanene wenye magoti mabovu ulionyesha kuwa kupunguza kilo 1 ya mwili hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi kila hatua.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ujao tuingize ajenda hii: njia za mashambani tuzichonge kwa nguvu zetu mpaka pikipiki ifike kwenye migomba, na kila kitongoji kichange kinunue mkokoteni wa wote. Wanaume wenzangu, kubeba mkungu hakumshushii mtu hadhi.

Tuache pia kumeza diklofenaki ya dukani kama karanga. Hutuliza, lakini ikizoeleka huchubua tumbo na kuumiza figo. Anayeumwa aende zahanati apimwe, kisha asijifungie ndani, maana kutembea na kuimarisha misuli ya paja humsaidia. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mwenyekiti wa kitongoji chako unamjua. Mpelekee hoja hii kabla ajenda haijafungwa.