Mahindi ya mjomba

Wikendi hii nilikwenda Rombo na mama kumsalimia mjomba. Tukakumbushana mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi ili tusife njaa. Kenya iko pale ng'ambo, lakini mjomba alibaki na magunia ndani, bei imeporomoka, ada ya watoto inadaiwa.

Msimamo wangu ni ule ule: aliyelima auze anakotaka. Serikali ikitaka akiba, inunue kwa bei ya soko.

Mama akaniuliza, "Na sisi wa Dar tukikosa unga?"

Mama, mjomba akipata hasara, mwakani nani atalima?

Tumerudi na gunia la bure. Mali yake, kampa anayemtaka. Au nakosea, wadau?