Ada ya Chuo na Mshahara Usiofika

Katika nyumba nyingi za askari mjini Juba, jina la mtoto linapotokea katika orodha ya waliochaguliwa kuingia chuo kikuu, usiku wa kwanza ni wa vigelegele. Asubuhi huanza hesabu. Baba ni sajini wa jeshi au koplo wa polisi. Mama huuza chai karibu na soko la Konyo Konyo. Ada inadaiwa mapema, ilhali mishahara ya baba ya miezi iliyopita ingali serikalini.

Jambo hili lafaa litazamwe kwa makini. Chuo Kikuu cha Juba ni mali ya serikali, na mshahara wa sajini ni deni la serikali iyo hiyo. Kwa mkono mmoja inamdai mtoto, kwa mkono wa pili inadaiwa na baba yake. Deni la mtoto lina tarehe ya mwisho. La baba halina.

Chuo hicho kiliundwa mwaka 1975 na kupokea wanafunzi mwaka 1977, kikiwa tunda la mapatano ya amani ya Addis Ababa ya 1972. Vita vilikihamishia Khartoum mwaka 1989, na baada ya amani ya 2005 kikaanza kurejea. Wengi wanaotakiwa leo kulipa ada ni hao hao waliobeba bunduki miaka ile.

Chanzo cha ukata kinafahamika. Sehemu kubwa mno ya mapato ya taifa hutoka katika mafuta. Mwezi Februari 2024 bomba linaloyapeleka Port Sudan lilipasuka, huku Sudan ikiwa vitani, na mishahara ya askari na watumishi ikakawia kwa miezi mingi. Pauni nayo ilikwisha kuanguka. Mwaka 2011 dola moja ilikuwa kama pauni 3. Mwaka 2024 ilinunuliwa kwa maelfu ya pauni. Hata mshahara ukifika, umefika ukiwa umekonda.

Wapo wasemao ada ifutwe tu. Mwaka 2023 Rais Salva Kiir aliagiza masomo ya msingi na sekondari katika shule za serikali yawe bila malipo, na agizo hilo ni jema. Lakini wahadhiri wa Juba wamekwisha kugoma mara kadhaa kwa kukosa mishahara. Chuo kisichopata ada wala ruzuku ni majengo matupu.

Majirani wana njia yao. Tanzania ilitunga sheria ya Bodi ya Mikopo mwaka 2004, na mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Kenya ilianza na bodi yake mwaka 1995. Sudan Kusini, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, ina mengi ya kujifunza humo, ila mkopo wa namna hiyo hutegemea mshahara unaolipwa. Usipolipwa, utakatwa wapi?

Iliyo karibu zaidi ni kulinganisha madeni: ada ya mtoto ikatwe katika malimbikizo ya mzazi, kwa hati ya kikosi chake, na Hazina ikilipe chuo. Hati peke yake hailishi mhadhiri, kwa hiyo fungu la chuo lingetangulia mengine. Orodha za mishahara nazo zingepaswa kusafishwa kwanza, maana askari hewa hawana watoto, ingawa wangepatikana upesi.

Wakati hayo hayajafanyika, uamuzi hufanywa jikoni. Fedha ya chai hutosha mmoja. Kaka huenda, na binti huambiwa asubiri mwaka mmoja. Wapo waliosubiri mpaka wakaolewa.