Kanda za Msondo na Ujira wa Mwenye Jasho

Huenda safu hii ikawashangaza baadhi yenu, kwani tunazungumzia bendi ya muziki. Hukumu ya ala tumekwisha kuieleza darasani, na msimamo wetu haujabadilika. Linalotushughulisha leo ni ujira.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, kisha OTTU, bendi nayo ilibadili jina, hatimaye ikaitwa Msondo Ngoma. Wapigaji walikuwa waajiriwa wa mshahara. Walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki katika maktaba ya redio. Nchini hapakuwa na kiwanda cha santuri. Aliyezitaka alikwenda Nairobi. Sauti hizo zimerushwa kwa miongo kadhaa, hadi migombani huku Marangu na Machame, ilhali watunzi waliambulia kidogo mno. Muhidin Maalim Gurumo alifariki mwaka 2014. TX Moshi William, ambaye jina lake hasa ni Shaaban (wengi hapa walimdhania mwenyeji wa mji wetu), alitangulia mwaka 2006. Allah awarehemu.

Watazameni Metallica wa Marekani, walioanza mwaka 1981, ambao makelele yao hatuyawezi hata kwa dakika mbili. Mwaka 2000 nyimbo zao zilipogawiwa bure kwenye intaneti kupitia Napster, walikwenda mahakamani, wakaitwa mabakhili na mashabiki wao wenyewe. Albamu yao ya 11 ya studio ilitoka mwaka 2023, na rekodi zao asilia wanazimiliki wao.

Kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na ipo COSOTA. Lakini tusiwanyooshee kidole watu wa redio peke yao. Miaka kadhaa iliyopita madrasa yetu ilirudufu sidii za qaswida za madrasa moja ya huko mlimani, tukaziuza mjini ili tuezeke paa. Mwalimu wao aliposhuka kuuliza, tulimjibu kwamba elimu ya dini haiuzwi. Nasi tulikuwa tumeiuza! Dini inayotuhimiza kumlipa kibarua jasho lake likiwa bado bichi tulikuwa tukiisomesha chini ya bati hilo hilo.

Mwezi uliopita tulipanda kwake na sehemu ya fedha. Alizihesabu, akaandika stakabadhi, akatuuliza iliyobaki tutaileta lini.