Hedseti ya USB: lipia maiki, usilipie taa

Juzi kijana wa jirani yangu hapa Kitengela alinijia na shilingi 2,500, pesa alizodunduliza miezi kadhaa. "Mjomba, ninunue hedseti gani?" Alitaka ya gemu na muziki, na tayari moyo ulikuwa kwa moja yenye taa nyekundu na "7.1" kwenye boksi.

Hiyo 7.1 ndiyo huniudhi. Hedseti nyingi za bei ya chini zenye maandishi hayo zina spika mbili tu, moja kila sikio. Zilizobaki zinaigizwa na programu. Na taa zenyewe huzioni ukishaivaa!

Uzuri wa USB ni kwamba hedseti huja na kadi yake ya sauti. Laptopu ya kijana ni ya mitumba, tundu la milimita 3.5 limelegea na sauti inakwaruza. USB haipitii huko kabisa, na kwa kawaida Windows au Linux huitambua bila draiva ya ziada. Bluetooth je? Mara nyingi ukiwasha maiki yake kwenye kompyuta, muziki hushuka ukasikika kama simu ya zamani. Tena ya USB haihitaji kuchajiwa.

Basi pesa iende kwenye maiki. Mwaka jana mteja wangu alisikia kila kitu isipokuwa mimi: upepo, malori ya Barabara ya Namanga, na punda wa maji aliyechagua saa hiyo kulia. Kazi ikaenda kwa mwingine. Hedseti ile niliinunua Nairobi bila kuijaribu, nikaona uvivu kurudi kubishana na nauli juu. Kwa hiyo uliye Kitengela nunua Kitengela, uliye Kajiado mjini nunua huko, hata bei ikizidi kidogo.

Nenda na laptopu yako. Jirekodi nusu dakika mlango wa duka ukiwa wazi, usikilize. Kisha cheza benga, tuseme ya D. O. Misiani: gitaa na besi zikichanganyika kama uji, hata nyayo za adui kwenye gemu hutajua zinatoka upande gani. Muuzaji akikataa ujaribu, toka.

Kijana alirudi na nyeusi isiyo na taa, shilingi 1,800. Maiki iko sawa. Zile taa bado ananinunia kidogo.