Maumivu ya Ubavuni Yasifichwe

ASKARI hufundishwa kustahimili tangu siku ya kwanza anapovaa sare. Fundisho hilo ni jema uwanjani, lakini likitumiwa mahali pasipostahili humdhuru mwenyewe. Hapa Nyamirambo, ambako watu wa vikosi na raia wanaishi mlango kwa mlango, si ajabu kumsikia mtu akisema kwamba ubavu unamuuma kwa miezi, naye hujituliza kwa vidonge vya dukani.

Miongoni mwa mambo yawezayo kuleta maumivu hayo ni vifuko vya maji katika figo. Vifuko hivyo si matokeo ya kulogwa. Watu wengi waliovuka umri wa miaka 50 wanavyo, na walio wengi hawasikii lolote. Huonekana kwa bahati tu, daktari anapopima tumbo kwa ultrasaundi kwa sababu nyingine. Kifuko cha namna hiyo hakihitaji kisu wala dawa. Lakini kikibana njia ya mkojo, kikiingiwa na vijidudu, kikivuja damu au kikipandisha shinikizo la damu, hapo hakuna budi kukitibu. Aidha, kifuko kikubwa kikipata pigo zito huweza kupasuka, na hilo si jambo la kupuuzwa na mtu ambaye kazi yake ni ya mapambano.

Wengi huogopa hospitali kwa kuwa wanakumbuka enzi za kupasuliwa ubavu mzima. Leo zipo njia za upole. Daktari huweza kufyonza maji kwa sindano, kisha akatia spiriti ya kukausha ukuta wa kifuko, kwa maana maji yakitolewa peke yake mara nyingi hurudi. Huweza pia kuingiza vyombo kwa matundu madogo tumboni na kuuondoa ukuta huo huku akitazama katika televisheni. Na kwa vifuko vilivyo karibu na kitovu cha figo, baadhi ya hospitali ulimwenguni hupitisha mrija mwembamba katika njia ya mkojo, na mwale wa leza ukatoboa ukuta, maji yakatoka pamoja na mkojo. Mgonjwa hupewa nusukaputi, lakini ngozi haiguswi na kisu.

Hata hivyo, tusilewe jina la leza. Mwaka 1986 Daktari Morton Bosniak wa New York alivipanga vifuko katika madaraja, kuanzia la I hadi la IV. Daraja la I halina hatari; la IV mara nyingi ni saratani, nayo ina tiba yake nyingine kabisa. Upo pia ugonjwa wa kurithi unaojaza vifuko katika figo zote mbili, ambao leza haiuponyi. Kwa hiyo anayemwuzia mtu leza kabla ya kumpima sawasawa anafanya biashara, hatibu.

Rwanda haikukaa bure. Mwezi wa Oktoba 2023 kilifunguliwa Masaka, Kigali, kituo cha IRCAD Africa, tawi la kile kilichoanzishwa na Profesa Jacques Marescaux huko Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1994. Kazi yake ni kuwafundisha madaktari wa Afrika upasuaji wa matundu madogo. Nyamirambo ina Hospitali ya Wilaya ya Nyarugenge, na jeshi lina hospitali yake Kanombe. Lakini ujuzi wote huo haumfai askari anayeficha maumivu kwa kuhofia kuitwa mvivu.

Hapa ndipo wajibu wa makamanda unapoanzia. Ruhusa ya kwenda kupimwa isihesabiwe kuwa ni utoro, wala cheti cha daktari kisiwe doa katika jalada la mtu. Naye askari aache kumeza ovyo vidonge vya maumivu, kwani baadhi yake, kama diklofenaki na ibuprofeni, vikitumiwa kwa muda mrefu huziharibu figo zenyewe. Akiona damu katika mkojo, au homa pamoja na maumivu ya ubavuni, asingoje zamu iishe. Aende siku hiyo hiyo.

Silaha hukaguliwa kila siku ili isimwangushe mwenyewe wakati wa haja. Mwili wa anayeishika unastahili ukaguzi huo huo.