Wajibu wa Duka Kubwa Huanzia Kwenye Ankara

Ni desturi ya makampuni makubwa ya maduka kukabidhi madawati shuleni, kupaka rangi wodi za wazazi na kugawa vyakula nyakati za sikukuu, wapiga picha wakiwa wamekwishaarifiwa mapema. Walimu wanaijua desturi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwani mara nyingi ndio wanaotakiwa kuwapanga watoto mistari ili wapige makofi. Madawati ni kitu chema. Lakini mwananchi anayetaka kujua kama kampuni ya namna hiyo inatimiza wajibu wake kwa jamii hana budi kuacha kwanza kuyahesabu madawati, aulize swali moja kavu: mkulima aliyepeleka nyanya na mwenye kiwanda aliyepeleka sabuni walilipwa baada ya siku ngapi?

Swali hilo ndilo kiini cha biashara yenyewe. Supamaketi humwuzia mnunuzi kwa fedha taslimu, papo hapo. Aliyeileta bidhaa hiyo hulipwa baada ya siku 30, au 60, au 90. Kwa hiyo katika sanduku la duka daima zimo fedha nyingi ambazo si za duka, ni amana. Mkurugenzi mwangalifu huzitazama kama mweka hazina wa chama cha ushirika anavyopaswa kuzitazama fedha za wanachama. Mkurugenzi mwenye tamaa huziona kuwa ni mtaji wake. Huzichukua akafungua tawi, na tawi likichelewa kuleta faida hufungua jingine, ili mauzo ya jipya yalipe madeni ya lile la zamani. Siku za kulipa hufika 120, kisha 180. Hapo mwenye sabuni huacha kuleta sabuni, rafu huanza kuonyesha mapengo, wanunuzi huhama, na zile fedha taslimu zilizokuwa zikiuficha ugonjwa hukatika.

Hayo si mambo ya kubuni. Nakumatt ya Kenya, iliyoanzia katika duka la magodoro mjini Nakuru, ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Mwaka 2014 iliyachukua maduka ya Shoprite hapa nchini, na watu wengi wakaamini kwamba Afrika Mashariki sasa imepata kampuni yake. Mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu. Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe, ikiwa na madeni yaliyozidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Wako watakaosema kwamba Nakumatt iliandamwa na mikosi, nao wana hoja: tawi lake la katikati ya Nairobi liliteketea kwa moto Januari 2009 na watu wengi wakapoteza maisha, na jingine liliangamia katika shambulio la Westgate mwaka 2013. Lakini baada ya mikosi hiyo kampuni haikupunguza mwendo, bali iliendelea kufungua matawi. Naivas, iliyofanya biashara katika soko hilo hilo na miaka hiyo hiyo, leo ina matawi zaidi ya 100.

Mfano wa Uchumi unatugusa zaidi, kwa sababu kampuni hiyo haikuzaliwa kwa tamaa ya mtu. Iliundwa mwaka 1975 na mashirika ya umma ya Kenya kwa shabaha ya kuwafikishia wananchi bidhaa muhimu kwa haki na kuwapatia soko wenye viwanda wa nchini. Wajibu kwa jamii ulikuwa ndio sababu ya kuwapo kwake. Hata hivyo Juni 2006 ilifunga milango kwa madeni. Serikali ikaiokoa, na mwaka 2011 hisa zake zikarudi sokoni. Mwishoni mwa mwaka 2014 iliwaomba wenye hisa mtaji mpya; Juni 2015 bodi ikamwondoa mkurugenzi mkuu; Oktoba mwaka huo huo ikatangaza kuyafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda, ikieleza kwamba hayakuwa yameleta faida kwa miaka 5. Mtu atauliza, na ni haki yake: kama hasara ilijulikana kwa miaka 5, waliokuwa wakisoma hesabu hizo kila robo ya mwaka walikuwa wakifanya nini? Na wafanyakazi wa Dar es Salaam, ambao hawakuulizwa duka lifunguliwe wapi wala lifungwe lini, ndio waliobeba uzito wa uamuzi huo.

Sisi hatuna sababu ya kuwacheka majirani. Wenye umri wanazikumbuka kampuni za biashara za mikoa, na foleni za sukari na sabuni ambamo cheo cha mtu, au urafiki wake na meneja, vilitangulia zamu yake. Shabaha ilikuwa safi. Uendeshaji ndio uliooza.

Kenya imejifunza kwa gharama kubwa. Desemba 2019 ilirekebisha Sheria ya Ushindani ili mnunuzi mwenye nguvu asimwonee anayemletea bidhaa, kwa kumcheleweshea malipo au kumkata fedha bila makubaliano. Sheria hiyo haikuwekwa kabatini. Mwishoni mwa mwaka 2023 Mamlaka ya Ushindani ya nchi hiyo iliitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa sababu ya ilivyowatendea wenye viwanda wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Kampuni ilikata rufaa, kama ilivyo haki yake.

Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inafaa isomwe upya kwa jicho hilo. Maduka makubwa yameenea mijini, na mjasiriamali wa Morogoro anayesindika pilipili hana ubavu wa kubishana na idara ya manunuzi ya kampuni yenye matawi kumi. Akidai fedha zake kwa sauti, bidhaa yake huondolewa rafuni. Akinyamaza, benki humfuata kwa mkopo alioweka nyumba yake rehani. Maofisa wa biashara wa mikoa na wilaya wanaweza kuanza hata kabla ya sheria kuguswa. Wakialikwa kushuhudia madawati yakikabidhiwa, waende, washukuru, kisha waombe kuonyeshwa daftari la ankara ambazo hazijalipwa, na tarehe zake.